Amana ya Asili: Hukumu ya Wasomaji wa Riwaya Zitokanazo na Michezo ya Video na Funzo la Kaskazini Mashariki ya Kenya

Utangulizi

Tangu miaka ya 1990 limezuka tawi la riwaya ambalo wahakiki wengi wameliacha nje ya milango ya vyuo, nalo ni riwaya zitokanazo na michezo ya video. Mchezo wa Doom, uliotolewa Marekani mwaka 1993, ulipata riwaya yake ya kwanza mwaka 1995. Resident Evil, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1996, ulipata riwaya ya Kiingereza mwaka 1998. Halo ulitanguliwa na riwaya yake kwa majuma mawili hivi mwaka 2001. Tangu hapo tawi hilo limestawi na kuzaa misururu ya vitabu ambayo hadhira yake ni pana kuliko ile ya riwaya nyingi zinazofundishwa katika idara za fasihi.

Hukumu zinazotolewa juu ya vitabu hivyo kwa kawaida huwa za namna mbili. Mhakiki wa chuoni huvikataa kabla ya kuvisoma, kwa hoja kwamba ni bidhaa za biashara zilizoazima ubunifu wa kazi nyingine. Mpenzi wa mchezo naye huvisoma, lakini huvipima kwa kigezo kimoja tu cha ufuasi: je, kitabu kimeufuata mchezo, au kimeupotosha? Makala hii inashikilia kwamba hukumu zote mbili zina upungufu mmoja. Hazikuuliza kwanza ni kitu gani katika kazi ya asili kilichowekwa kuwa amana isiyoguswa, na ni kitu gani kilichoachwa huru ili ajaye akitumie apendavyo. Bila ya kujibiwa swali hilo, neno "ufuasi" halina maana ya hakika, na neno "ubunifu" vilevile.

Swali hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Fasihi ya Wasomali, ambao ndio wengi wa wakazi wa Garissa na wa uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki wa Kenya, imelijibu kwa uwazi ambao ni nadra kupatikana kwingineko. Kwa hiyo makala hii inafuata historia ya kazi za fasihi zilipohama kutoka chombo kimoja hadi kingine katika eneo hilo na miongoni mwa Wasomali kwa jumla, kutoka kinywani hadi kwenye kaseti, kutoka kwenye kaseti hadi kwenye kitabu, kisha inatumia funzo la historia hiyo kuzipima hukumu za wasomaji wa riwaya za michezo ya video.

Kilichofungwa na kilicho huru

Andrzejewski na Lewis (1964), na baada yao Samatar (1982), wameeleza kwa kirefu kaida inayolinda ushairi wa Kisomali. Shairi la daraja la juu, hasa la bahari ya gabay, hutungwa na mtu anayejulikana kwa jina. Baada ya kutungwa huhifadhiwa na wafuasi wake wenye kumbukumbu nzuri, wakalisambaza kutoka kisima hadi kisima na kambi hadi kambi. Mhifadhi huyo hana ruhusa ya kubadilisha maneno, wala hana ruhusa ya kulisoma shairi bila ya kumtaja mtungaji. Akifanya hivyo huhesabiwa kuwa mwizi wa maneno. Umbo la shairi lenyewe husaidia kulinda kaida hiyo, kwa kuwa katika kila mstari, au katika kila kipande cha mstari, pana neno moja angalau linaloanza kwa sauti ile ile tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Anayesahau neno na kuweka lingine mahali pake, hadhira humtambua mara moja, maana sauti huvunjika.

Hadithi inayolizunguka shairi haina sheria kama hiyo. Msimulizi anapoeleza kwa nini shairi lilitungwa, nani aligombana na nani, ngamia gani walitekwa na msichana gani alinyimwa mchumba, ana uhuru wa kurefusha na kufupisha, kuongeza mazungumzo na kueleza mandhari. Hadhira humpima kwa ustadi wake wa kusimulia, haimpimi kwa neno moja moja. Hivyo, katika tukio moja la usimulizi, mtu mmoja huhukumiwa kwa mizani miwili. Anapofika kwenye shairi hupimwa kwa uaminifu, na anaporudi kwenye hadithi hupimwa kwa ufundi. Kinachofaa kusisitizwa ni kwamba hadhira yenyewe haioni utata wowote katika jambo hilo. Kila mmoja anajua mpaka kati ya kilichofungwa na kilicho huru uko wapi.

Hali hiyo haiko mbali na ile inayojulikana kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Mto Tana unaopita Garissa huteremka hadi Kipini na Ozi, nchi ya Fumo Liyongo. Visa vya Liyongo vimesimuliwa kwa namna nyingi, na Muhammad Kijumwa alipovitia katika utendi mwaka 1913 hakuna aliyemlaumu kwa kuvipanga upya. Lakini mashairi yanayonasibishwa na Liyongo mwenyewe yalichukuliwa kuwa mali ya mwenyewe, na wajuzi wa Lamu na Pate waliyanakili na kuyajadili kwa tahadhari ya namna nyingine kabisa. Tofauti ni kwamba miongoni mwa Wasomali ulinzi huo ulifanywa bila ya karatasi.

Pamoja na shairi, kuna jambo la pili lililofungwa, nalo ni jina. Mtoto wa Kisomali hufundishwa kuhesabu nasaba yake kwa upande wa baba, jina baada ya jina, vizazi vingi kwenda juu. Jina la mtu humtambulisha ukoo wake, malisho yake na deni lake la damu au la heshima kwa wengine. Kumtaja mtu kwa jina lisilo lake, au kumwacha bila ya jina, ni kumtoa katika jamii. Jambo hili litarejewa katika sehemu zinazofuata, kwa sababu riwaya nyingi zinazohusu eneo hili zimejikwaa hapo.

Kutoka kumbukumbu hadi kaseti

Historia ya kisiasa ya Kaskazini ya Kenya iliifanya kaida hiyo idumu kwa muda mrefu zaidi kuliko ambavyo ingedumu mahali pengine. Chini ya utawala wa Waingereza eneo hilo lilikuwa wilaya iliyofungwa, ambamo watu walihitaji ruhusa kuingia na kutoka. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 vilifuata vita vilivyoitwa vya shifta hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, na hali ya hatari iliyotangazwa wakati huo haikuondolewa hadi mwaka 1991. Shule zilikuwa chache na kitabu kilikuwa kitu adimu. Katika mazingira hayo, chombo kilichovuka mipaka kwa urahisi kilikuwa sauti.

Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na redio ya betri ikaanza kuwafikisha watunzi kwa hadhira ambayo kamwe isingekutana nao. Katika miaka ya 1970 kinasasauti cha kaseti kiliongeza uwezo huo. Msururu wa mashairi ya kujibizana ulioitwa Deelley, ulioanza mwaka 1979 na kuendelea hadi 1980, ulienea kwa kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Baada ya kuanguka kwa serikali ya Mogadishu mwaka 1991, kambi za wakimbizi za Dadaab zilianzishwa katika wilaya ya Garissa, na waliovuka mpaka walikuja na kumbukumbu zao.

Ingetarajiwa kwamba chombo kipya kingedhoofisha kaida ya zamani. Kilichotokea ni kinyume. Johnson (1974) alipochunguza nyimbo za kisasa za Kisomali aligundua kwamba nazo, ingawa zilikuwa za mjini na za redio, zilichukuliwa na hadhira kuwa matini maalumu ya mtungaji maalumu. Kaseti ilimpa msikilizaji njia ya kuthibitisha kilichosemwa. Hapo awali mzozo juu ya neno ulitatuliwa kwa kumtafuta mzee mwenye kumbukumbu. Sasa ungeweza kutatuliwa kwa kurudisha mkanda nyuma. Kwa maneno mengine, chombo kipya kiliingia katika utumishi wa amana. Funzo la kwanza la historia hii, basi, ni kwamba hadhira haiipimi kazi kwa chombo ilichomo. Huipima kwa kuangalia kama chombo hicho kimehifadhi kile kilichokuwa kimefungwa.

Riwaya ya Cawl na mizani miwili

Kisomali kilipata hati rasmi ya Kilatini mwezi wa Oktoba mwaka 1972, na miaka miwili baadaye Faarax M. J. Cawl alichapisha Mogadishu riwaya iliyoitwa Aqoondarro waa u nacab jacayl, yaani "Ujinga ni adui wa mapenzi". Huhesabiwa kuwa riwaya ya kwanza kuchapishwa kama kitabu kwa Kisomali. Andrzejewski aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1982. Kisa chake kimewekwa katika zama za Madarwishi wa Sayyid Muhammad Abdulle Hassan, waliopigana na wakoloni kuanzia mwaka 1899 hadi 1920. Kinahusu Calimaax na Cawrala (herufi c katika hati hiyo husomwa kama ain ya Kiarabu), wapenzi ambao mapenzi yao yanaharibika kwa sababu barua ya msichana inamfikia mtu asiyejua kusoma.

Cawl hakubuni kisa hicho. Kilitokana na matukio yaliyokuwa yakisimuliwa, na mashairi yake yalikuwa yakihifadhiwa vichwani mwa watu. Kwa hiyo riwaya ya kwanza ya Kisomali ilikuwa, tangu kuzaliwa, riwaya iliyotokana na kazi pendwa ya chombo kingine, na msomaji wake aliijua asili kabla ya kukifungua kitabu. Ni hali ile ile ya msomaji wa Halo au Resident Evil, aliyekwisha kucheza kabla ya kusoma.

Namna Cawl alivyotatua tatizo hilo inafaa kuangaliwa. Mashairi aliyaweka katika nafasi yake ya shairi, yakiwa yamesimama peke yake ndani ya nathari. Nathari inayoyazunguka aliitumia kwa uhuru mkubwa. Aliongeza mazungumzo, alieleza safari ya baharini na hofu ya abiria, aliingia katika fikira za msichana ambaye usimulizi wa kawaida ungemtazama kwa nje tu. Zaidi ya hayo alikipa kisa dhamira ya wakati wake. Ujinga unaotajwa katika anwani ni wa kutojua kusoma, na riwaya ilitoka katika miaka ile ile serikali ilipopeleka wanafunzi na walimu vijijini kufundisha hati mpya. Kisa cha mwanzoni mwa karne kilifanywa hoja ya kampeni ya mwaka 1974.

Mhakiki anayeshikilia ufuasi mtupu angemlaumu Cawl kwa kuingiza siasa ya leo katika kisa cha jana. Mhakiki anayeshikilia ubunifu mtupu angemlaumu kwa kubeba mashairi mengi ambayo hayasukumi mbele msuko. Kwa mizani ya mapokeo, lawama zote mbili hazina uzito. Shairi lilikuwa amana na lilifikishwa. Hadithi ilikuwa huru na ilitumiwa. Udhaifu wa kweli wa riwaya hiyo, ambao ni wahusika waovu waliochorwa kwa rangi moja na hotuba zinazorefuka kupita haja, unaonekana vizuri zaidi baada ya lawama hizo mbili za uongo kuondolewa.

Maktaba ya ngamia katika riwaya

Mfano wa pili unatoka Garissa yenyewe, nao una matatizo zaidi. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianzisha mjini humo maktaba ya ngamia, ili kuvifikia vijiji ambavyo gari haliwezi kuvifikia kwa ajili ya mchanga na ukosefu wa barabara. Katika msafara ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu na mwingine hubeba hema, na wasomaji, wengi wao watoto wa shule, huvisoma vitabu chini ya kivuli au huviazima hadi msafara urudi. Ni huduma ya taasisi ya Kenya, iliyobuniwa kwa mahitaji ya Kenya.

Mwaka 2007 mwandishi wa Kimarekani Masha Hamilton alichapisha The Camel Bookmobile. Mhusika wake mkuu, Fiona Sweeney, ni mkutubi kutoka New York anayekuja Garissa kuiendesha maktaba hiyo. Msafara unafika katika kijiji cha kubuni kiitwacho Mididima, ambako kijana aliyeharibiwa uso na fisi, aitwaye Taban, harudishi vitabu alivyoazima, na kanuni ni kwamba kijiji kisichorudisha vitabu hukosa huduma. Kisa kinazungukia mgogoro huo, pamoja na mgogoro mkubwa zaidi kati ya wanakijiji wanaovitaka vitabu na wale wanaoviona kuwa tishio kwa maarifa yao.

Asili ya riwaya hii ni taasisi halisi na watu halisi, tofauti na riwaya ya Cawl iliyokuwa na shairi na kisa nyuma yake. Je, katika asili ya namna hiyo amana ni nini? Jambo moja Hamilton amelifikisha vizuri. Kitabu kilichoazimwa ni amana kwa maana halisi ya neno, na mwandishi ameijenga riwaya yote juu ya uzito wa dhamana hiyo kwa jamii ambayo heshima yake iko katika kutimiza ahadi. Ameonyesha pia, kwa haki, kwamba wanaovikataa vitabu wana hoja zao na si wajinga.

Katika jambo la pili hakufanikiwa. Miongoni mwa wanakijiji wa Mididima kuna Matani, Kanika, Neema na Abayomi. Neema ni jina la Waswahili, na Abayomi ni la Wayoruba wa Nigeria. Msomaji wa Ulaya au Marekani hupita hapo bila ya kusimama. Msomaji aliyelelewa katika mapokeo ya kuhesabu nasaba husimama palepale, kwa sababu majina hayo hayawezi kupangwa katika ukoo mmoja wowote wa nchi inayoizunguka Garissa. Haitoshi kumjibu kwamba kijiji ni cha kubuni. Kijiji kilikuwa huru kubuniwa. Mji wa Garissa umetajwa kwa jina lake, na maktaba yake imetajwa kwa kazi yake. Pia kuhamisha uongozi wa maktaba kutoka kwa wakutubi wa Kenya hadi kwa mgeni kumebadilisha chanzo cha wema unaosimuliwa, na hilo ni sehemu ya kile ambacho asili ilikuwa imekifunga.

Haki inadai jambo lingine litajwe. Riwaya hiyo iliandamana na mchango wa vitabu kwa ajili ya maktaba yenyewe, na jina la Garissa likajulikana kwa wasomaji wa mbali kwa sababu ya vitabu, katika miaka ambayo habari nyingi za eneo hilo zilikuwa za ukame na mapigano. Manufaa hayo hayafuti dosari ya fasihi, wala dosari ya fasihi haiyafuti manufaa. Mhakiki anatakiwa ayaweke katika daftari mbili tofauti.

Riwaya za michezo ya video

Kwa mizani hiyo sasa inawezekana kuzirudia riwaya za michezo. Katika mchezo wa video msuko hauwezi kuwa amana, angalau si kwa kiwango cha shairi, kwa kuwa kila mchezaji hupita njia yake. Mmoja hufungua mlango wa kushoto, mwingine wa kulia. Mmoja hufa mara 20 mahali ambapo mwingine alipita salama. Kilichofungwa ni ulimwengu wa mchezo: jiografia yake, kaida zake za kinachowezekana na kisichowezekana, majina ya wahusika na historia walizopewa. Wachezaji wote, hata wale waliopita njia tofauti kabisa, wanashiriki ulimwengu huo mmoja. Jauss alieleza mwaka 1967 kwamba msomaji huikabili kazi mpya akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozijua. Upeo wa mchezaji umejengwa na kaida za ulimwengu kuliko mfuatano wa matukio.

Resident Evil ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa mchezo mchezaji huchagua kuwa Chris Redfield au Jill Valentine, na kila uchaguzi huleta matukio yake. S. D. Perry, katika The Umbrella Conspiracy (1998), aliziunganisha njia hizo mbili katika kisa kimoja. Kwa hakika kisa hicho hakuna mchezaji aliyewahi kukicheza. Kama ufuasi wa msuko ungekuwa ndio kigezo, riwaya hiyo ingehesabiwa kuwa ya upotoshaji. Lakini jumba, wahusika, kampuni ovu na tabia za maiti zinazotembea zilibaki kama zilivyokuwa, na mwandishi alitumia uhuru halali wa msimulizi.

Doom ulimweka mwandishi katika hali tofauti. Shujaa wa mchezo hana jina wala maneno. Mchezaji huuona mkono wake na silaha yake. Dafydd ab Hugh na Brad Linaweaver walimpa jina la Flynn Taggart, wakampa maisha ya nyuma na mwenzi wa vita, na wakaeleza kwamba viumbe vinavyoonekana kuwa mashetani ni kazi ya wageni kutoka anga za mbali. Kumpa jina asiye na jina ni kujaza pengo ambalo asili iliacha wazi. Kuwageuza mashetani kuwa viumbe vya sayansi ni kubadilisha kaida ya ulimwengu wenyewe. Kwa hiyo mabadiliko hayo mawili, ambayo kwa mtazamo wa juu juu yanafanana, yanastahili hukumu mbili tofauti: la kwanza linapimwa kwa ustadi, la pili kwa uaminifu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2012. Riwaya ya Mass Effect: Deception ya William C. Dietz ilipotoka, wasomaji waliokuwa wachezaji walikusanya orodha ndefu ya makosa yake. Miongoni mwa yaliyowaudhi ni mhusika Gillian Grayson, aliyekuwa amechorwa na Drew Karpyshyn katika Mass Effect: Ascension (2008) kama msichana mwenye usonji. Katika riwaya mpya hali hiyo ilikuwa imetoweka, kana kwamba ni homa iliyopona. Mchapishaji na watengenezaji wa mchezo waliomba radhi na kuahidi masahihisho katika matoleo ya baadaye. Wahakiki wa vyuo wangeweza kuicheka orodha hiyo kuwa ni udogo wa mambo. Lakini mtu aliyewahi kusikia hadhira ya gabay ikimkatiza mhifadhi aliyekosea neno ataitambua mara moja. Hadhira inatetea kilichokabidhiwa. Katika suala la Gillian ilikuwa inatetea zaidi ya usahihi wa taarifa: msichana huyo alikuwa ametambulishwa kwa hali yake, na kumnyang'anya hali hiyo bila ya sababu ni sawa na kumnyang'anya jina.

Halo unaonyesha upande wa pili wa sarafu hiyo. Riwaya ya Eric Nylund, The Fall of Reach (2001), ilisimulia mambo yaliyotokea kabla ya mchezo kuanza, mahali ambapo hapakuwa na njia ya mchezaji kuifuata. Kwa kuwa pengo lilikuwa wazi, riwaya yenyewe ikawa asili. Mwaka 2010 ulipotolewa mchezo wa Halo: Reach, ukipingana na riwaya katika mambo kadhaa, wapo wasomaji walioulaumu mchezo kwa kukosa uaminifu kwa kitabu, na riwaya ilichapishwa tena mwaka huo ikiwa na marekebisho. Hapa hoja kwamba chombo cha kwanza ndicho chenye haki daima inaanguka. Amana huwa kwa yule aliyekabidhiwa na hadhira ikamkubali, kiwe kitabu au mchezo.

Amana iliyovunjwa kabla

Hadi hapa mizani ya mapokeo imewatetea wachezaji. Lakini mizani hiyo hiyo inawauliza swali ambalo kigezo cha ufuasi hakiwezi kuuliza: je, ikiwa mchezo wenyewe ulivunja amana ya asili iliyoutangulia?

Swali hili linawahusu Wasomali moja kwa moja. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 majeshi ya Marekani yalipigana Mogadishu katika mapambano yaliyoua askari wao 18 na mamia ya Wasomali. Mwaka 1997 Mark Bowden aliandika mfululizo wa makala katika gazeti la The Philadelphia Inquirer, akaugeuza kuwa kitabu, Black Hawk Down, mwaka 1999. Bowden alikwenda Mogadishu, na kitabu chake, ingawa kimeegemea upande wa askari, kina Wasomali wenye majina, wenye familia na wenye maelezo yao juu ya siku ile. Mwaka 2001 Ridley Scott alitoa filamu iliyopigwa Moroko, ambayo nafasi zake kubwa za Wasomali hazikuchezwa na Wasomali. Mwaka 2003 ulifuata mchezo wa video, Delta Force: Black Hawk Down, ambao mchezaji wake ni askari wa Marekani, na Msomali ndani yake ni lengo la risasi. Mwaka 2025 vita hivyo vilirejeshwa tena katika mchezo mpya wa jina hilo la Delta Force, ukiegemea filamu.

Katika kila hatua ya uhamishaji, kilichopotea kwanza ni majina. Kitabu kilikuwa nayo kwa kiasi, filamu ikabakiza machache, mchezo ukayaondoa. Tuseme leo mwandishi aandike riwaya itokanayo na mchezo huo wa mwaka 2003, na aufuate kwa uaminifu kamili: ramani zake, silaha zake, amri zake. Mchezaji angeisifu. Kwa kigezo cha ufuasi ingekuwa riwaya bora. Kwa mizani iliyoelezwa katika makala hii ingekuwa riwaya mwaminifu kwa mvunja amana. Asili ya mwisho ya kisa hicho ni watu wa mtaa wa soko la Bakaara, na miongoni mwa wasomaji wa Garissa na Dadaab wamo wenye nasaba moja nao. Wao hawana haja ya kuelezwa kwamba adui asiye na jina katika mchezo ana jina, na kwamba jina hilo lina baba na babu.

Hoja hii haimaanishi kwamba michezo ya vita isiandikiwe riwaya. Mapokeo yenyewe yanaonyesha njia. Kama Cawl alivyoweza kuingia katika fikira za Cawrala ambamo usimulizi wa kawaida haukuingia, mwandishi wa riwaya anaweza kuutumia uhuru wa nathari kurudisha kile ambacho mchezo ulikipunguza. Chombo cha riwaya kina nafasi ya jina, ya nasaba na ya upande wa pili wa barabara. Riwaya itakayofanya hivyo itaonekana kwa baadhi ya wachezaji kuwa imeusaliti mchezo, ilhali itakuwa imelipa deni ambalo mchezo uliliacha.

Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba hadhira ya Kisomali haikuwahi kuihukumu kazi iliyohamishwa kwa neno moja la "imefuata" au "haikufuata". Ilijua kwamba shairi na jina vimefungwa, na hadithi iko huru. Ikaidai kila sehemu haki yake. Redio, kaseti na kitabu vilipokuja havikuibadilisha sheria hiyo, bali vilipimwa nayo.

Mhakiki wa riwaya zitokanazo na michezo ya video hana budi kuanza na kazi hiyo hiyo ya kupambanua. Kwanza ajue wenye mchezo wameshikilia nini kuwa ni amana, asiwadharau wanapokitetea. Pili aangalie mwandishi ameutumiaje uhuru aliopewa, na hapo ndipo vigezo vya kawaida vya fani na maudhui vinapopata kazi yao. Tatu, nalo ndilo zito zaidi, atazame nyuma ya mchezo aone ni watu gani na mambo gani yaliyokabidhiwa kwa mtengenezaji wake kabla haijafika zamu ya mwandishi. Idara za fasihi za Afrika ya Mashariki zina sababu ya kulichukua jukumu hili la tatu kwa uzito, kwa kuwa nchi zao tayari zimo katika michezo hiyo kama mandhari, na watu wao wamo kama vivuli vinavyokimbia. Riwaya itakayowapa vivuli hivyo majina itahitaji wasomaji wanaojua kuyahesabu.